Kiti cha kiunoni hakimshiki mtoto, mkono wako ndio unaomshika

Kitenge humfunga mtoto. Kiti cha kiunoni humbeba tu. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoangusha watoto, kwa sababu mama aliyezoea mbeleko ya kitenge anahamia kwenye mbeleko ya kiti na mazoea yake yote: kuinama akitaka, kuachia mikono yote miwili, kumwacha mtoto alale humohumo.

Kitenge kikikazwa vizuri mtoto hatoki hata akijirusha. Ndiyo maana hapa Mwanza mama anayeanika dagaa Igombe au Kayenze anaweza kuinama asubuhi nzima, mtoto kalala mgongoni, na hakuna kinachoharibika. Kile kiti kinachouzwa siku hizi kuanzia Makoroboi hadi Buhongwa ni kitu kingine kabisa. Ni rafu. Umejifunga rafu ndogo ya povu gumu kiunoni, na mtoto amekaa juu yake kama mtu aliyekaa ukingoni mwa jiwe. Uzito wake unashuka kwenye mkanda, unaishia kwenye mifupa ya nyonga zako, na hapo kweli mgongo unapumua. Lakini kinachomzuia asiende nyuma, pembeni au mbele ni mkono wako. Hakuna kingine.

Ziko zenye kipande cha juu: kitambaa kinachofungwa kwa zipu ukingoni mwa kiti, kinapanda mgongoni mwa mtoto na kuvutwa na mikanda miwili ya mabegani. Hizo zinamshika, mradi umezifunga zote. Ukiondoa kile kipande kwa sababu ya joto (na Mwanza wengi wanakiondoa wiki ya kwanza, hakirudi tena), umebaki na rafu. Yanayofuata hapa ni kuhusu rafu hiyo zaidi, maana ndiyo inayotumika.

Kwanza, mtoto yuko tayari lini? Kipimo ni kukaa, miezi ni makadirio tu. Mweke kwenye mkeka, achia mikono. Kama anakaa huku amejitegemeza kwa viganja mbele yake kama chura, bado. Kama anakaa mikono ikiwa huru, anageuka kuchukua kijiko pembeni na kurudi bila kupinduka, yuko tayari. Wengi hufika hapo kati ya miezi 6 na 8. Mtoto aliyekaza shingo tu, wa miezi 4, hajawa na mgongo wa kukaa kwenye rafu. Huyo ni wa kitenge, au wa ile yenye kipande cha juu kama lebo yake inaruhusu umri na uzito wake. Kwa njiti usihesabu kwa tarehe ya kuzaliwa. Tazama anachoweza kufanya.

Uzito usiukisie, upo kwenye kadi ya kliniki. Lebo nyingi zinaishia kilo 15 au 20, na mtoto wa mwaka mmoja kwa kawaida yuko kwenye kilo 9 hivi, kwa hiyo kiti chenyewe kitabeba muda mrefu. Utakaochoka mapema ni mkono wako.

Sasa mkanda. Weka mikono kiunoni kama mtu anayegombeza. Ule mfupa unaougusa kila upande, juu ya nyonga, ndio unaotakiwa kubeba mzigo. Ukingo wa chini wa mkanda ukae juu yake kidogo, ili mfupa uuzuie usiteremke. Wengi huuvaa chini, kwenye mapaja ya juu, kwa sababu hapo haubani tumbo. Ukiuvaa hapo utateremka kila hatua, kiti kitainama mbele, na mtoto atakuwa anateleza kuelekea nje polepole bila wewe kujua. Na kama baada ya wiki chache unasikia ganzi au moto kwenye paja upande wa nje, dalili hiyo mara nyingi ni mshipa wa fahamu unaopita kwenye kinena kubanwa na mkanda uliovaliwa chini na kukazwa sana. Upandishe mkanda. Ganzi isipoisha, nenda hospitali.

Kuhusu nguo: mkanda ukae juu ya kitu kisichoteleza. Juu ya fulana ya pamba unashika. Juu ya dera la kitambaa cha kuteleza unazunguka, na mtoto anazunguka nao. Kosa lingine, ambalo karibu kila aliyevaa kanga hulifanya, ni kufunga mkanda juu ya fundo la kanga. Unapokaza, fundo linajaza nafasi na mkanda unaonekana umebana. Baada ya dakika kumi za kutembea fundo linalegea au linateremka, na mkanda uliobana vizuri nyumbani unakuwa na nafasi ya vidole vinne. Fundo lishuke kabisa chini ya ukingo wa mkanda au likae pembeni, lisibanwe ndani yake.

Mkanda una vifungo viwili, na kila kimoja kina udhaifu wake. Cha kwanza ni velkro, ile ya kunata: upande mmoja vikulabu, mwingine manyoya. Velkro ni imara sana ikivutwa kwa urefu, lakini ni dhaifu ikibanduliwa kutoka ukingoni. Ukisimama wima inavutwa kwa urefu. Ukikaa au kuinama, tumbo linajikunja na kuubandua ukingo. Ule mlio wa krrr mdogo unaousikia unapoinama ndio huo, na ukiusikia, simama wima, mshike mtoto, ubandike upya. Sehemu zinazogusana zisipungue upana wa kiganja. Kama kwa mwili wako ncha zinagusana kwa vidole viwili tu, mkanda huo si wako, hata kama muuzaji anasema "dada, utazoea".

Cha pili ni klipu ya plastiki. Hii ndiyo akiba velkro ikibanduka, kwa hiyo anayefunga velkro tu na kuiacha klipu inaning'inia (utamwona kila siku) ameitupa akiba yake. Kabla ya kuifunga, pitisha ncha yake kwenye kile kitanzi cha lastiki kilichoshonwa karibu na klipu. Watu hudhani ni pambo. Kazi yake ni moja: klipu ikifunguka au kuvunjika, inanasa kwenye kitanzi na kukupa sekunde mbili tatu za kumkamata mtoto.

Kwa anayeishi karibu na ziwa, klipu inahitaji macho. Ishike mkononi uitazame. Upande wa kiume una meno mawili yanayobonyea yanapoingia, kisha kutanuka ndani ya upande wa kike na kuchungulia kwenye matundu ya pembeni. Punje ya mchanga wa ufukweni, au gamba la samaki kwa anayefanya kazi soko la samaki la Mwaloni, likikwama chini ya jino moja, jino hilo halitanuki lote. Utasikia tak kama kawaida. Lakini ukitazama matundu, jino moja limetokeza hadi mwisho na jingine limeishia nusu. Klipu ya namna hiyo inashika ukiwa umesimama, inaachia mtoto akijirusha. Kwa hiyo usiamini sikio peke yake: tazama meno yote mawili, kisha vuta kwa nguvu ncha mbili za mkanda. Ikiwa na mchanga, isuuze kwa maji safi, ikung'ute, pitisha mswaki wa zamani. Usipake mafuta. Yatalainisha leo, kesho yatakusanya vumbi lote la Igoma.

Utaratibu basi ni huu. Toa pumzi, bandika velkro kiti kikiwa mbele yako, pitisha klipu kwenye kitanzi, ifunge, kaza mkanda wake. Halafu weka viganja viwili juu ya kiti na ukandamize kwa nguvu, kama unayeegemea ukuta mfupi. Kiti kikiinama mbele au kikizunguka, fungua uanze upya. Jaribio hilo ni la sekunde tano. Kikitulia, kizungushe kidogo kuelekea nyonga unayopendelea, katikati ya tumbo na ubavu, na ukizungushe kabla mtoto hajakaa. Kuzungusha mkanda mtoto akiwa juu ni kumgeuza yeye na velkro kwa pamoja.

Mchukue kwa makwapa, mlete kifuani kwanza, kisha mshushe taratibu huku miguu yake ikitanuka kukuzunguka. Matako yaende nyuma kabisa, yaguse tumbo lako. Nafasi kati ya tumbo na mtoto ndiyo nafasi ya kuteleza. Magoti yawe juu kidogo ya matako, mapaja yashikwe na kiti, ili ukimtazama kwa mbele matako na magoti yafanye umbo la herufi M. Mkao huo ndio unaofaa maungio ya nyonga, kwa sababu kichwa cha mfupa wa paja kinakaa vizuri kwenye kikombe chake. Miguu inayoning'inia wima kama ya mwanasesere haimshiki na haimfai. Kama mtoto alizaliwa akitanguliza matako, au kliniki waliwahi kutilia shaka nyonga zake, waonyeshe mbeleko unayotaka kutumia kabla hujaanza.

Tukija kwenye mkono ndipo penyewe. Mkono unaozunguka mgongo wa mtoto ukae juu, usawa wa mabega yake ya nyuma, na kiganja kishike ubavu wake wa nje chini ya kwapa. Si kwenye matako. Matako yameshabebwa na kiti. Ukiyashika umeshika mahali ambapo hapahitaji kushikwa. Watoto wa miezi 7 hadi 12 wana tabia moja: wakiona kitu, au wakikasirika, wanakaza mgongo na kujirusha nyuma bila taarifa. Kichwa ndicho kizito, kinatangulia. Kama mkono uko kiunoni mwake, kiuno kinageuka bawaba na nusu ya juu inaanguka. Kama mkono uko mabegani, anakutana na ukuta. Ndiyo tofauti kati ya mtoto aliyelia na mtoto aliyepelekwa hospitali ya Bugando.

Kumgeuza atazame mbele kunavutia, hasa sokoni, ila mkono unabadilika: unampita kifuani, chini ya makwapa, na mwingine uwe tayari kwenye paja. Akitazama mbele hana tumbo lako la kuegemea akienda mbele. Dakika 15 au 20 zinatosha, na ziwe za akiwa macho tu.

Akisinzia, mtoe. Hakuna namna nyingine kwenye kiti kitupu. Misuli ya shingo inalegea, kidevu kinaanguka kifuani, na njia ya hewa ya mtoto, ambayo ni nyembamba na laini, inajikunja kama bomba la bustani. Halii, hakohoi, anakuwa kimya tu, na ukimya huo unafanana sana na usingizi mzuri. Mwaka 2010 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu mbeleko za kombeo, zile za kitambaa cha bega moja: vifo 14 katika miaka 20, na 12 kati yake vya watoto wa chini ya miezi 4. Hazikuwa viti vya kiunoni, lakini hatari ni zilezile mbili: kidevu kubanwa kifuani, au pua na mdomo kuzibwa na kitambaa. Kwa ile yenye kipande cha juu, mtoto akilala, vidole viwili vipite kati ya kidevu na kifua chake, uso uuone wakati wote, na kichwa kiwe karibu kiasi cha kukibusu ukiinamisha shingo kidogo tu.

Mwanza ina tatizo lake ambalo karatasi ya maelekezo iliyokuja na kiti hailijui: milima ya mawe. Nani ataandika kiwandani kwamba mteja wake anaishi Mabatini juu, na njia ya kwenda kwake ni ngazi zilizochongwa kati ya majabali, kila kidaraja na kimo chake? Kiti kimetokeza mbele, mtoto yuko juu yake, na wewe huoni miguu yako. Kupanda si kazi sana, maana ukikosea unaegemea mbele na mkono unafika. Kushuka ndiko kubaya. Kabla hujaanza kushuka, mhamishie mtoto nyonga ya upande wa nje, ili mkono wa upande wa ukuta au jabali uwe mtupu wa kushika. Shuka kwa ubavu kidogo, mguu wa chini ukipapasa kidaraja kabla ya kuhamisha uzito. Mvua ikinyesha, na ndala miguuni, acha kiti nyumbani. Majabali yenye ukungu wa kijani ya Igogo na Isamilo hayajali umevaa mbeleko gani. Siku hiyo mtoto afungwe kwa kitenge mgongoni, mikono yote miwili iwe huru. Mtu anayekwambia vya kisasa vimepita vya zamani katika kila jambo hajawahi kushuka kilima cha Bugando asubuhi ya masika.

Ukitaka kuokota kitu, kunja magoti, mgongo wima, mkono mmoja ukiwa mabegani mwa mtoto. Ndoo ya maji usiiinue ukiwa na mtoto kwenye kiti, hata ya lita 10. Jikoni usikaribie. Akiwa nyongani, mkono wake unafika mahali ambapo akiwa mgongoni haufiki: mpini wa sufuria, kikombe cha chai, ukingo wa jiko la mkaa. Wanaouza chai na vitumbua barabarani wanajua kasi ya ule mkono mdogo.

Kwenye daladala, fungua kiti kabla hujapanda, usingoje ukae. Ukikaa nacho, povu linapanda hadi chini ya mbavu, velkro inabanduka kwa ule mkunjo wa tumbo, na mtoto anasogezwa hadi kichwa chake kiko usawa wa chuma cha kiti cha mbele. Konda atasema "mama, panda twende, foleni". Aseme. Kitundike mkanda begani, mpakate mtoto, kaa mbali na mlango na mbali na kiti cha mbele kabisa. Wala usijidanganye kwamba mbeleko yoyote ni mkanda wa gari: gari likigonga, mwili wako ndio utakaomponda. Kwa gari binafsi kuna viti vya watoto vya gari. Kwenye bodaboda hakuna kiti cha kiunoni kinachofaa, mtoto akiwa mbele yako, pembeni au nyuma.

Majini hali ni mbaya zaidi. Daraja la Kigongo–Busisi limewaondolea wengi kivuko cha hapo tangu 2025, lakini Kamanga, Ukerewe na visiwa vingine bado ni safari za maji. Ukipanda kivuko au boti, mfungue mtoto kabisa: mkanda, klipu, kipande cha juu, vyote. Mtoto aliyefungwa mwilini mwako hawezi kuvishwa jaketi okozi lake, na lako halikukai vizuri juu yake. Povu la kiti linaelea, ni kweli, lakini liko kiunoni. Litainua kiuno chako na si kichwa. Na klipu zinazofunguka kwa urahisi sebuleni hazifunguki kwa urahisi chini ya maji, mikono ikitetemeka. MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018 zimeshawafundisha watu wa ziwa hili kwamba meli au kivuko kinaweza kupinduka pwani ikionekana.

Joto: mkanda mpana wenye sponji hukusanya jasho lako na la mtoto mahali pamoja. Kila nusu saa mshushe, pangusa, badilisha nyonga. Anayebeba upande mmoja tu hujipinda bila kujua, na maumivu yake hayaji kwenye nyonga, yanakuja kiunoni nyuma siku ya tatu. Aliyejifungua kwa upasuaji angoje kidonda kipone na aulize kliniki kwanza, maana ukingo wa mkanda unaweza kusugua palepale kwenye kovu, na uzito wa kiti unakandamiza tumbo la chini. Mjamzito asikivae.

Kwenye mtumba bei ni nzuri na hatari iko wazi ukijua pa kuangalia. Bandika velkro, ivute kwa urefu kwa nguvu zako zote. Ikisogea hata kidogo, iache. Bonyeza kiti katikati na pembeni kwa gumba: povu zima linarudi, lililopasuka ndani linabaki na shimo au linalia. Geuza uangalie mshono pale mkanda unapoingia kwenye kiti, maana mzigo wote unapita hapo. Klipu iliyopauka kwa jua inavunjika. Kiti kisicho na lebo ya uzito kiache, hata kwa elfu tano.

Kukifua, chomoa povu kwanza, funga velkro ili isiokote nyuzi, fua kwa mkono na sabuni ya kawaida bila jiki, anika kivulini. Velkro ikijaa nyuzi na nywele inapoteza nguvu haraka kuliko inavyochakaa. Ichokonoe kwa sindano au kitana cha meno ya karibu.

Na wakati wa kuvua, mtoto atoke kwanza, mkanda baadaye, klipu kabla ya velkro. Kama amesinzia njiani ukafanikiwa kumlaza kitandani bila kumwamsha, toka chumbani, funga mlango, nenda hadi uani, ndipo ubandue ile velkro.